Gari la gavana na gari letu la jeneza



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za wanaosafiri kwenda Hija, Umra na Maulidi ya Lamu. Safari yetu ilikuwa ndogo kuliko hizo, na sababu yake ilikuwa karatasi moja. Tulitoka Hanga, mkoani Ruvuma, tukaenda Dar es Salaam kutafuta kadi ya gari. Tulikuwa watatu: mwenyekiti wa kamati ya msikiti, ambaye umri wake umepita miaka sabini, dereva wetu wa kujitolea, ambaye hajalipwa hata shilingi tangu aanze kazi hiyo, na katibu anayeandika haya. Mweka hazina alibaki nyumbani, lakini alitutaka turudi na stakabadhi ya kila kitu, hata ya chai.

Mtu akitaja Hanga nje ya Ruvuma, msikilizaji hukumbuka abasia ya watawa wa Kibenedikto iliyoanzishwa mwaka 1957. Ndivyo kijiji kilivyojulikana, nasi hatuna kinyongo. Kengele yao na adhana yetu ya alfajiri hupishana kwa dakika chache, na wengi wetu tumekua tukizisikia zote mbili kabla ya jogoo. Ardhi ni nyekundu, miti ni ya miombo, mashamba ni ya mahindi na tumbaku. Masika yakikolea, njia za kwenda vitongojini hugeuka utelezi, na hapo ndipo thamani ya gari letu hujulikana.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, ile yenye chesisi ndefu. Lilianza maisha yake katika idara moja ya serikali, likauzwa mnadani, likachukuliwa na mfanyabiashara wa Songea, naye akamuuzia mzee mmoja wa msikiti wetu kwa fedha kidogo na magunia ya mahindi. Mauzo hayo yalikuwa ya mdomo. Hapakuandikwa mkataba, wala kadi haikubadilishwa jina. Wawili hao waliaminiana, na katika kuaminiana kwao hakuna aliyedhani kwamba siku moja watu wengine wangehitaji ushahidi.

Ijumaa moja, baada ya swala, mzee huyo alisimama mbele ya jamaa akiwa na afya na akili zake timamu. Alisema kuwa gari lile kuanzia siku ile si lake, ni la jeneza. Mwenye kufiwa asilipe chochote ila mafuta, na asiye na fedha ya mafuta achangiwe. Waliokuwepo waliitikia takbira. Tangu siku hiyo Land Rover ililala uani kwa msikiti, chini ya mwembe, na ufunguo ukaning'inia kwenye msumari ofisini kwa kamati. Tulizika nalo wengi, Waislamu na wasio Waislamu, kwa maana mzee alisema jeneza, hakusema la nani. Fundi anayelihudumia ni jirani yetu Mkristo, na bado anatudai fedha za klachi.

Mzee alifariki miaka minne baadaye. Allah amrehemu. Matanga hayajakauka vizuri, wakaja vijana wawili waliovaa viatu vya bei, wakalizunguka gari, wakalala chini kutazama chesisi, wakapiga picha. Walituambia kwamba siku hizi kuna watu mijini, na wengine Ulaya, wanaotafuta magari ya namna hiyo ili wayatengeneze upya na kuyapandia kwa starehe. Bei waliyoitaja ingeezeka msikiti wetu mzima kwa bati jipya. Habari ziliwafikia warithi siku hiyo hiyo, maana simu haina masika.

Hapo ndipo swali lilipozuka. Warithi ni watano: wana wawili, mmoja Songea na mkubwa wao Dar es Salaam, na mabinti watatu, mmoja kati yao akiwa ameolewa Tunduru. Yule wa Songea alisema wazi kwamba baba aliazima gari tu, hakulitoa. Mkubwa wao alinyamaza, naye ndiye aliyekuwa na kadi. Bila kadi hatukuweza kukata bima, na bila bima dereva wetu aliogopa barabara kuu, kwa haki. Land Rover ilisimama chini ya mwembe miezi saba. Katika miezi hiyo tulimbeba maiti wa kitongoji cha mbali mabegani, mvua ikinyesha, tukabadilishana zamu kutoka asubuhi hadi karibu na alasiri. Mwenyekiti alishika jeneza mpaka akaanguka. Usiku ule kamati ilikaa, ikaamua twende Dar es Salaam.

Kisheria tulikuwa na la kusema. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu huku, wanakubali wakfu wa mali inayohamishika maadamu inatumika bila kuisha kwa kutumika. Na miongoni mwa hoja zao ni habari ya Khalid bin Walid, aliyeziweka deraya na zana zake katika njia ya Allah. Wakfu ukishatamkwa na mwenye afya, mali hutoka mkononi mwake: haiuzwi, haipewi mtu, hairithiwi. Lau angeutamka katika maradhi ya mauti, ungehesabiwa kama wasia, usiozidi theluthi ila kwa ridhaa ya warithi. Tofauti hiyo ni kubwa, na mashahidi wetu walikuwa zaidi ya arobaini. Lakini jina kwenye kadi lilikuwa bado la mfanyabiashara wa Songea, ambaye naye ameshatangulia mbele ya haki. Kwa karatasi, basi, gari letu lilikuwa la mtu aliyeliuza, na aliyelitoa wakfu hakuwa ametajwa popote.

Basi liliondoka Songea kabla ya alfajiri. Tuliswali Fajri kando ya barabara, juu ya khanga ya abiria mmoja aliyetuazima bila kuombwa. Njombe ilitupokea kwa ukungu na baridi inayopenya soksi. Makambako tulikunywa chai, stakabadhi tukapewa baada ya kubembeleza. Baada ya Iringa mjini kuna mteremko wa Kitonga, ambapo malori hushuka kwa kunusa na abiria huacha mazungumzo. Chini yake joto hubadilika ghafla, mibuyu inaanza, na Ruaha Mbuyuni watu huingiza vitunguu madirishani mpaka basi zima linanuka kama jiko la harusi. Mwenyekiti alinunua kamba moja kwa ajili ya mwenyeji wetu. Mikumi tuliona swala, na twiga mmoja aliyesimama kama mlinzi aliyesahauliwa zamu. Zaidi ya kilometa 900 kwa siku moja. Magoti ya mzee wetu yalizihesabu zote.

Mtoto mkubwa wa marehemu alizungumza nasi kwa simu kwa adabu. Alisema kazi yake humalizika alasiri, na kwamba asingependa tukutane nyumbani mbele ya watoto wala ofisini mbele ya wakubwa wake. Akatuelekeza tumsubiri Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kwa sababu pana kivuli na pana utulivu. Tulifika mapema mno. Kiingilio tulilipa kutoka mifukoni mwetu, kwa kuwa kutazama makumbusho hakukuwa katika shughuli tuliyotumwa, na mwenyekiti alilisisitiza hilo mara mbili.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940, yakiitwa kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Wengi huyajua kwa sababu ya fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, na watoto wa shule waliokuwapo siku ile walikimbilia huko. Bustanini pana kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998, uliopoteza maisha ya watu 11 katika jiji hili. Tulisimama hapo tukawaombea. Dereva wetu, hata hivyo, alikuwa ameshasikia kwamba kuna magari ya zamani, na miguu yake ilikuwa inatuvuta.

Kati ya magari hayo lipo Rolls-Royce. Mhudumu alituambia maneno machache: lilitumiwa kwanza na serikali ya mkoloni Mwingereza, kisha likatumiwa na Mwalimu Julius Nyerere. Akaenda zake kuwanyamazisha watoto. Sisi tulibaki.

Ni vigumu kueleza hali ya mtu wa Hanga mbele ya gari kama lile. Dereva alilizunguka mara tatu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa. Uso wa magari ya kampuni hiyo unajulikana dunia nzima: grili ndefu iliyosimama kama nguzo za jumba la kale, zile R mbili zilizopandana, na kile kisanamu cha mwanamke anayeinama mbele ambacho kilianza kuwekwa juu ya boneti mwaka 1911, kazi ya msanii Charles Sykes. Kampuni ilizaliwa kutokana na mkutano wa mwaka 1904, mjini Manchester, kati ya Henry Royce, fundi aliyetoka katika umaskini, na Charles Rolls, mtoto wa tajiri aliyejua kuuza. Kwa miaka mingi kampuni haikuuza gari zima. Iliunda chesisi na injini. Mnunuzi akapeleka chesisi hiyo kwa mafundi wa bodi aliowapenda, wakamshonea gari kama fundi cherehani anavyomshonea mtu kanzu. Ndiyo maana magari mawili yaliyotoka kiwandani mwaka mmoja huweza yasifanane.

Kutokana na desturi hiyo, kila chesisi ina namba yake, na namba hiyo hufuatiliwa na wapenzi wa magari hayo kama sisi tunavyofuatilia isnadi ya hadithi: nani aliagiza, nani alishona bodi, nani alinunua baada yake, na kama kuna mahali mnyororo umekatika. Gari lenye mnyororo kamili huwa na thamani kuliko jingine linalofanana nalo. Dereva wetu aliposikia hivyo alitutazama kwa jicho la lawama. Land Rover yetu mnyororo wake ulikatika kwenye magunia ya mahindi.

Kuna aina moja iliyoitwa Phantom IV, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1950 na 1956, magari 18 tu duniani, kwa ajili ya wafalme na wakuu wa nchi. Miongoni mwa waliolipata ni Shah wa Iran, Aga Khan wa tatu, Sheikh Abdullah Al-Salim wa Kuwait na Mfalme Faisal wa pili wa Iraq, aliyeuawa katika mapinduzi ya mwaka 1958 akiwa kijana. La kwanza lilipelekwa mwaka 1950 kwa Elizabeth wa Uingereza, wakati huo akiwa binti mfalme, kama gari lake binafsi. Alipotawala mwaka 1952, gari lile lile likawa gari rasmi la dola na likapakwa rangi za kifalme. Injini haikubadilika. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani mwenyewe.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mtawala Mwislamu aliyekuwa na Rolls-Royce akaacha kuipanda. Tulimsimulia habari ya Hyderabad, huko India. Nizam Mahbub Ali Khan aliagiza gari lenye kiti mithili ya kiti cha enzi mwaka 1911, akafariki mwaka huo huo kabla halijafika. Lilimfikia mwanawe, Osman Ali Khan, aliyetajwa wakati wake kuwa tajiri kuliko watu wote duniani na aliyejulikana pia kwa kubana matumizi mpaka watu wakamcheka. Gari lilitumika kwa nadra sana. Dola yake ikamezwa na India mwaka 1948, gari likabaki. Mzee akasema, “Kumbe aliyeagiza hakupanda, na aliyerithi hakutaka.” Akakaa kwenye benchi kupumzisha magoti.

Karibu na kwetu pana habari chungu zaidi. Kabaka Mutesa wa pili wa Buganda alikuwa na Rolls-Royce katika kasri lake la Lubiri, Mengo. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalilivamia kasri. Kabaka alitoroka, akafia London mwaka 1969 akiwa mkimbizi. Gari halikuweza kuruka ukuta. Mabaki yake yaliyoungua yakawa kitu cha kuonyeshwa wageni wanaotembelea mahali hapo. Hakuna warithi wanaogombania chuma kilichoungua.

La Dar es Salaam halikuchomwa, halikuuzwa, wala halikukimbia na mwenyewe, na kwa maoni yetu hilo ndilo linalolifanya listahili kusimamiwa kwa muda. Lilikuwa la serikali. Magavana walikuja na kuondoka: Edward Twining aliingia mwaka 1949, Richard Turnbull akampokea mwaka 1958. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, lakini kwa mwaka mmoja zaidi Turnbull alibaki kama Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia, huku waziri mkuu akiwa Mtanganyika. Kuanzia Januari 1962 waziri mkuu huyo alikuwa mwana wa Ruvuma, Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, baada ya Mwalimu kujiuzulu wadhifa huo ili akakijenge chama. Wazee wa kwetu humwita Simba wa Vita mpaka leo, na wachache humkumbuka kijana aliyecheza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Hebu wasomaji wafikirie: Mngoni Mwislamu anaongoza serikali, na heshima za kifalme bado ni za Mwingereza. Tarehe 9 Desemba 1962 ikaja Jamhuri, na Mwalimu akawa Rais. Hakuna aliyelinunua gari, hakuna aliyeliuza. Mali ya serikali ilibaki ya serikali. Waliobadilika ni wakaaji wa kiti cha nyuma.

Siku chache kabla ya hapo, kwa kipimo cha historia, chama kilichomwingiza Mwalimu kwenye kiti hicho hakikuwa na baiskeli ya kutosha. Wazee wa Dar es Salaam husimulia jinsi Dossa Aziz, mmoja wa waasisi 17 wa TANU mwaka 1954, alivyotoa gari lake ili Mwalimu apate kuzunguka katika kazi za chama. Gari hilo hatukuliona mle ndani. Tulitamani lingesimamishwa bega kwa bega na la gavana, moja lililotolewa na moja lililopokewa, ili watoto wa shule wapate la kuuliza.

Haikuchukua miaka mingi baada ya Uhuru neno Wabenzi likazaliwa, kuwataja wakubwa wapya wanaotambulika kwa magari yao. Mwaka 1966 Mwalimu alipunguza mishahara ya viongozi wa juu, wake ukiwamo, na mwaka uliofuata Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Kuna mambo mengi ya siasa zake ambayo Waislamu wa nchi hii wana maneno nayo, na gazeti hili halijayaficha. Lakini alipong'atuka mwaka 1985 gari hilo halikwenda Butiama pamoja naye. Lipo Mtaa wa Shaaban Robert, na mtoto wa Hanga analitazama kwa kiingilio.

Hapo mwenyekiti, ambaye hakusoma chuo chochote zaidi ya darasa la mzee mmoja wa Tunduru, alitukumbusha habari iliyosimuliwa na wanahistoria juu ya Umar bin Abdul Aziz. Siku aliposhika ukhalifa, mwaka 99 Hijria, aliletewa farasi wa fahari waliotengwa kwa ajili ya khalifa mpya. Akauliza hawa ni wa nini. Akaambiwa ni kipando cha khalifa. Akawaamuru wapelekwe Baitul Mal, akamtaka nyumbu wake mwenyewe. “Nyumbu alikuwa na kadi,” dereva alisema, na tukacheka mahali ambapo si pa kucheka, mpaka mhudumu akatugeukia.

Mtoto wa marehemu alitukuta katika hali hiyo. Alimwamkia mwenyekiti shikamoo kwa kuinama, akatupa mkono sisi wengine, akatuuliza habari za Hanga moja baada ya nyingine: mvua, mahindi, kaburi la baba yake. Tulimjibu. Hakuna aliyetaja gari. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki, na macho yetu, Allah atusamehe, yalikuwa kwenye bahasha hiyo kuliko usoni kwake.

Aliitazama Rolls-Royce kidogo, akasema, “Nimefanya kazi mtaa wa pili miaka kumi na moja, sijawahi kuingia humu. Hili la nani?”

“La serikali,” dereva alijibu.

“Na kabla?”

“La serikali.”

Alikaa benchini kando ya mwenyekiti. “Baba mkubwa,” alisema, “siku ile baba aliposimama msikitini mimi sikuwepo. Nimeambiwa na watu wengi, na kila mmoja ananiambia maneno tofauti kidogo. Mdogo wangu anadaiwa, mnajua. Wale wanunuzi walimpigia yeye kwanza. Nataka kusikia kutoka kwako, si kutoka kwa Ustadh mwenye daftari.” Ustadh mwenye daftari ndiye katibu, na tulilifunga daftari.

Mwenyekiti alimweleza. Hakutaja Shafi wala Khalid bin Walid. Alimtajia siku, hali ya hewa, safu aliyokuwa amesimama marehemu, kanzu aliyovaa, na kwamba aliposema “si langu” sauti yake ilikatika, akakohoa, akarudia. Kijana aliinamisha kichwa. Kanzu ile ilikuwa ameinunua yeye, Kariakoo.

Baada ya muda alitukabidhi bahasha. Lakini aliweka sharti, nasi tunaliandika hapa kwa sababu tuliona ni la haki. Alisema hawezi kusaini kwa niaba ya dada zake. Wao wana fungu lao katika kila alichoacha baba yao, na kama gari limetoka katika urithi basi waambiwe kwa heshima, si wasikie kwamba wanaume walikutana Dar es Salaam wakamaliza. Aidha, deni la mdogo wake asingependa lisemwe msikitini. Kamati imekubali yote mawili. Kwa hiyo hatulitaji deni ni la nini.

Mwenyekiti alimpa kile kitita cha vitunguu cha Ruaha Mbuyuni. Tulikuwa tumemnunulia mwenyeji wetu, lakini mwenyeji wetu atatuelewa.

Yaliyofuata ni ya ofisini, na hayana ladha ya kusimuliwa. Warithi wa mfanyabiashara wa Songea wanapaswa kupatikana ili mahakama imtambue msimamizi wa mirathi yake, naye akiri mauzo. Kisha msimamizi wa mirathi ya mzee wetu akiri wakfu. Kisha kadi itoke kwa jina la wadhamini wa msikiti. Majina matatu kwenye karatasi moja, na wawili kati yao wako makaburini. Karani mmoja alitushauri turuke hatua ya kati, tuandike kwamba mfanyabiashara alitupa sisi moja kwa moja. Ingekuwa rahisi na ingeokoa nauli. Lakini aliyetoa ni mzee wetu. Tukiruka jina lake, tutakuwa na kadi safi ya jambo ambalo halikutokea.

Tumerudi Hanga na stakabadhi ishirini na mbili. Mweka hazina alizikataa mbili za chai kwa kuwa hazina tarehe. Mabinti wawili wa marehemu wameshaweka saini mbele ya mashahidi, mmoja akilia, mwingine akiuliza kama wanawake nao huruhusiwa kupanda gari hilo wanapokwenda kuosha maiti wa kike vitongojini. Tumemjibu kuwa ndiyo, na kwamba tulipaswa kulisema hilo tangu zamani. Wa tatu, aliye Tunduru, ametuma ujumbe kwamba hatasaini kwa simu. Anataka kuja mwenyewe alione gari la baba yake, aketi mbele mahali alipokuwa akikaa akiwa mtoto, ndipo aamue. Atafika Alhamisi ijayo. Dereva ameanza kuliosha tangu jana, na fundi jirani yetu ameleta klachi bila kuulizwa fedha yake.